Kujenga gem5 Ukiwa Nshambya: Laptopu Ndogo, Bando la Kubana, Umeme wa Kukatika

Kila likizo vijana wanaorudi Bukoba kutoka Mlimani, Dodoma na Mbeya wananiuliza swali lile lile. "Kaka, tumepewa kazi ya gem5. Nimefuata maelekezo yote, laptopu imeganda. Nifanyeje?" Anayeuliza anaweza kuwa wa Nshambya hapa hapa, wa Hamugembe, wa Rwamishenye, au anapiga simu kutoka Muleba. Kwa kuwa majibu hayabadiliki sana, nayaandika yote mahali pamoja.

Nakuandikia wewe mwenye laptopu ya RAM GB 4 au 8, unayeingia intaneti kwa hotspoti ya simu. Maelekezo mengi ya gem5, kiigizi cha prosesa, yameandikwa na watu wa maabara zenye seva kubwa, na anayeyafuata neno kwa neno kwenye laptopu ndogo hukwama, kisha anadhani yeye ndiye mzito. Kinachokwamisha ni RAM, bando au umeme. Ukipanga kazi kwa kuangalia hivyo vitatu, itajengeka.

## Kwanza: una hakika unaihitaji gem5?

Wengine wanaonipigia hawaihitaji. Jiulize unataka kuona nini.

- Unataka tu kuendesha mfumo au programu ya prosesa nyingine (ARM au RISC-V) kwenye laptopu yako? Tumia QEMU. Inasakinishwa kwa `apt` kama programu nyingine yoyote, huna haja ya kujenga chochote.
- Unajifunza amri za RISC-V na unataka kujua kama programu yako ni sahihi? Spike inakutosha. Ndicho kiigizi cha rejea cha RISC-V, ni kidogo, na hata laptopu ya GB 4 hukijenga bila kulalamika.
- Umeambiwa upime kache, mizunguko ya saa ya prosesa, au ubadilishe muundo wa prosesa uone kasi inavyobadilika? Hapo ndipo penye gem5. Ilitokana na kuunganishwa kwa miradi miwili ya vyuo vikuu vya Marekani, M5 ya Michigan na GEMS ya Wisconsin, na makala ya kitaalamu iliyoitambulisha ilitoka mwaka 2011. Ni programu huria, na kwa kawaida unaijenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo.

Kama jibu lako ni la tatu, tuendelee.

## Kagua mashine kabla ya kugusa bando

Fungua terminali ya Ubuntu, andika hizi moja moja:

```
free -h
nproc
df -h ~
lsb_release -a
```

Ya kwanza inakuonyesha RAM, ya pili idadi ya koa za prosesa, ya tatu nafasi ya diski, ya nne toleo la Ubuntu. Acha angalau GB 15 wazi kwenye diski. Ubuntu 22.04 au 24.04 zinafaa, ukiwa na toleo la zamani zaidi ya hapo utapambana na kompaila iliyopitwa na wakati bila sababu.

Unatumia Ubuntu ndani ya Windows, yaani WSL? Angalia mambo mawili kwa makini.

1. WSL haipewi RAM yote. Kwa kawaida hupata nusu. Laptopu ya GB 8 inabaki na GB 4 upande wa Ubuntu, na watu wengi hawajui hilo. Kwenye folda yako ya mtumiaji ya Windows, tengeneza faili liitwalo `.wslconfig` lenye mistari hii:

```
[wsl2]
memory=6GB
swap=8GB
```

Kisha andika `wsl --shutdown` kwenye PowerShell na uwashe Ubuntu upya. Hakikisha Notepad haijaongeza `.txt` mwishoni mwa jina la faili. Huo ni mtego wa kila mara.

2. Usijenge ndani ya `/mnt/c`. Huko ni diski ya Windows inayopitiwa kwa mlango wa nyuma, na kazi ya saa moja inageuka ya siku. Fanya kila kitu kwenye folda yako ya Ubuntu, ile inayofunguka ukiandika `cd ~`. Pia usitumie folda yenye nafasi kwenye jina, mfano "Kazi ya Chuo". Andika `kazi`, inatosha.

Kwa mwenye Ubuntu kamili na RAM ndogo, ongeza kumbukumbu ya akiba kwenye diski:

```
sudo fallocate -l 8G /swap2
sudo chmod 600 /swap2
sudo mkswap /swap2
sudo swapon /swap2
```

Diski ina mwendo wa kinyonga ukiilinganisha na RAM, lakini afadhali kazi iende polepole kuliko ikatwe katikati. Ukizima laptopu akiba hii haijirudishi yenyewe, kwa hiyo rudia ile amri ya mwisho kila unapowasha.

## Siku ya bando

Tenganisha kazi inayohitaji intaneti na ile inayohitaji umeme. Kupakua ni kwa muda mfupi, tena kunaweza kusubiri bando la usiku ambalo huwa nafuu. Kujenga kunachukua masaa lakini hakuhitaji intaneti. Anayechanganya vyote viwili hujikuta amemaliza bando huku simu ikiwa imeachwa hotspoti bure, na Windows yake inajisasisha kwa hela yake.

Kabla ya kuwasha hotspoti, ingia kwenye mipangilio ya Windows uuweke mtandao huo kuwa wa kulipia kwa kipimo, ili usasishaji usubiri. Kisha:

```
sudo apt-get update
sudo apt-get install build-essential git m4 scons zlib1g-dev python3-dev pkg-config
```

Orodha rasmi ni ndefu kuliko hii. Vitu kama `protobuf`, `boost` na `hdf5` vinaongeza uwezo fulani, lakini kwa kazi ya kache ya mwaka wa tatu huvihitaji. Utaona maonyo kwamba havipo, na ujenzi utaendelea. Kama bando linaruhusu, ongeza `libgoogle-perftools-dev`, maana inaharakisha uigizaji.

Sasa msimbo wenyewe:

```
cd ~
git clone --depth 1 https://github.com/gem5/gem5
```

Usisahau `--depth 1`. Bila hayo maneno, `git` inashusha historia yote ya mradi tangu enzi, na wewe unahitaji hali ya leo tu. Halafu `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia. Inafuta ilichoshusha, nawe unaanza upya, na bando limekwenda. Kaa karibu na dirisha ambalo mtandao unashika vizuri, mpaka imalize. (Msimu wa senene, funga hilo dirisha usiku. Mwanga wa skrini huwaita, na kuwatoa kwenye kibodi ni kazi nyingine.)

Usizime hotspoti bado. Ingia kwenye folda, anzisha ujenzi kwa dakika chache:

```
cd gem5
scons build/X86/gem5.opt -j1
```

Sababu ni kwamba mara ya kwanza gem5 inasimama na kukuuliza kuhusu vikaguzi vya mtindo wa msimbo, ambavyo huenda vikataka intaneti, na inasubiri ubonyeze Enter. Baadaye inaweza kukuuliza kama uendelee bila hivyo, nawe jibu `y`. Wapo walioiacha "ijenge usiku", wakaamka alfajiri na kuikuta bado inasubiri Enter. Ukishaona mistari ya kompaila inaanza kupita, bonyeza Ctrl+C mara moja, subiri isimame yenyewe, kisha zima hotspoti.

## Namba inayofuata `-j`

Maelekezo mengi yatakwambia uandike `-j` na idadi ya koa ulizonazo. Kwa laptopu ndogo huo ni ushauri mbaya. Namba hiyo inasema mafaili mangapi yakompailiwe kwa wakati mmoja, na mafaili ya gem5 si madogo: mengine, hasa yale inayoyazalisha yenyewe kwa ajili ya amri za prosesa, yanaweza kula RAM zaidi ya GB moja kila moja. Kuweka `-j8` kwenye RAM ya GB 8 ni kuita wamenyaji ndizi wanane kwenye jiko la mtu mmoja. Visu vipo, pa kukaa hakuna.

Mimi napiga hesabu ya GB 2 kwa kila kazi, na kubakiza kidogo kwa ajili ya mfumo wenyewe:

- RAM GB 4: `-j1`, pamoja na ile akiba ya diski
- RAM GB 8: `-j2`, au `-j3` kama umefunga kivinjari
- RAM GB 16: `-j6`

Kwa WSL, hesabu RAM inayoonekana ndani ya Ubuntu kwa `free -h`, usihesabu iliyoandikwa kwenye stika ya laptopu.

Amri kamili ni hii:

```
scons build/X86/gem5.opt -j2 --limit-ld-memory-usage
```

Hilo chaguo la mwisho linaibana hatua ya kuunganisha isile kumbukumbu nyingi. Hatua hiyo huja mwisho kabisa, na wengi huangukia hapo baada ya kusubiri masaa yote.

Kwa nini X86 wakati kila mtu anazungumzia RISC-V? Kwa sababu laptopu yako yenyewe ni ya X86. Programu yako ya C utaikompaili kwa `gcc` ya kawaida na kuiendesha moja kwa moja. Ukichagua RISC-V utahitaji kompaila ya pembeni, hilo ni bando jingine. Kama mwalimu ameagiza RISC-V au ARM, badilisha jina hilo kwenye amri. Usijenge `ALL` kwa sababu tu umeiona kwenye maelekezo. Hiyo hujumlisha prosesa zote, na laptopu yako haina deni na prosesa zote.

Na `.opt` je? Kuna `.debug`, `.opt` na `.fast`. Chukua `.opt`. `.debug` ni ya kutafuta kasoro ndani ya gem5 yenyewe, na inakwenda polepole mno. `.fast` imeondolewa ukaguzi unaokusaidia kujua ulipokosea.

## Umeme, radi na Ctrl+C

Kwa miaka mingi umeme wetu wa Kagera ulitoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na kukatika tumekuzoea. Mvua za huku nazo huja na radi. Ngurumo zikisogea, chomoa chaja uendelee na betri.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya kawaida hayalisemi. SCons, ile programu inayoendesha ujenzi, huandika kumbukumbu ya kazi iliyokwisha inapofunga, haiandiki kila faili linapokamilika. Laptopu ikizimika ghafla, mafaili yapo kwenye diski lakini SCons haina kumbukumbu nayo, kwa hiyo inaweza kuyarudia. Ukiisimamisha kwa Ctrl+C, inaandika kumbukumbu, na kesho unaendelea ulipoishia kwa amri ile ile. Kwa hiyo:

- Betri yako kama ni mbovu, usijenge umeme ukiwa unacheza.
- Umeme ukikatika na betri ikakaribia asilimia 20, bonyeza Ctrl+C mara moja na usubiri. Ukibonyeza mfululizo unaikatiza ikiwa inaandika.
- Hata umeme ukiwa mzuri, simamisha kila baada ya saa moja hivi, kisha anzisha tena. Inaonekana kama kujisumbua, lakini ukizimikiwa unapoteza saa moja, hupotezi usiku mzima.
- Kufunga kifuniko ili laptopu ilale ni sawa, ila ikilala muda mrefu bila chaja betri itaisha na mambo yatakuwa yale yale.

Kwenye `-j1` tegemea masaa mengi. Ukiona mstari mmoja haujasogea kwa dakika kumi, usidhani imekufa. Fungua terminali nyingine, andika `top`, utafute `cc1plus`. Kama ipo inakula prosesa, kazi inaendelea. Mwisho utaona `scons: done building targets.`

## Ukikwama, soma ujumbe

`Killed signal terminated program cc1plus`: RAM imeisha na mfumo umeiua kompaila. Msimbo hauna kosa. Punguza `-j`, ongeza akiba ya diski, endelea.

`ld terminated with signal 9 [Killed]`: ni yale yale, safari hii kwenye hatua ya kuunganisha. Funga kila kitu kingine, tumia `-j1`.

Malalamiko kuhusu Python: hakikisha umesakinisha `python3-dev`. Kama umewahi kuweka Anaconda, andika `conda deactivate` kabla ya `scons`. Anaconda inaingiza Python yake katikati na kuvuruga.

`configs/example/se.py` imeachwa kutumika: unafuata video ya zamani. Faili hilo limehamishiwa `configs/deprecated/example`. Kwa jumla, maelekezo yanayotaja Python 2 au amri ya `hg` yafunge. Ni ya enzi nyingine.

Makosa ambayo hayaleti ujumbe wowote ndiyo mabaya zaidi. Kubwa kuliko yote ni kufuta folda ya `build` kila unapokwama, "ili nianze upya kwa usafi". Umefuta masaa. Isipokuwa umebadilisha toleo la Ubuntu au kompaila, iache.

## Jaribio la kwanza, kisha programu yako

```
build/X86/gem5.opt configs/learning_gem5/part1/simple.py
```

Ukiona `Hello world!` na mstari unaoanza na `Exiting @ tick`, umefika. Matokeo yako kwenye folda `m5out`, ndani ya faili `stats.txt`.

Sasa andika programu ndogo, uiite `jumla.c`:

```
#include <stdio.h>
#define N 128
int a[N][N];
int main(void) {
    long s = 0;
    for (int i = 0; i < N; i++)
        for (int j = 0; j < N; j++)
            s += a[j][i];
    printf("%ld\n", s);
    return 0;
}
```

Ikompaili, kisha uiendeshe kwa kache mbili tofauti:

```
gcc -O1 -static jumla.c -o jumla
build/X86/gem5.opt -d t16 configs/learning_gem5/part1/two_level.py jumla --l1d_size=16kB
build/X86/gem5.opt -d t64 configs/learning_gem5/part1/two_level.py jumla --l1d_size=64kB
grep dcache.overallMisses::total t16/stats.txt t64/stats.txt
```

Linganisha namba mbili zitakazotoka. Kisha geuza `a[j][i]` iwe `a[i][j]`, ukompaili na kurudia. Hapo una maabara yako ya kache mezani.

Zingatia:

- Usiache `-static`. Bila hiyo programu itatafuta maktaba za mfumo ambazo hali hii rahisi ya uigizaji haijapangwa kuzitoa.
- Usitumie `-march=native`. Kompaila inaweza kuweka amri za AVX ambazo gem5 haizijui.
- Tumia `-d` kila mara. Bila hiyo kila jaribio linafuta matokeo ya lililotangulia ndani ya `m5out`, na usiku wa kuamkia kukabidhi kazi utakuwa na jaribio la mwisho peke yake.
- Anza na data ndogo. Programu inayochukua sekunde moja kwenye laptopu inaweza kuchukua masaa mengi ndani ya gem5. Kwenye `stats.txt`, `simSeconds` ni muda wa prosesa ya kuigiza na `hostSeconds` ni muda wako wewe. Wapo wanaoandika `hostSeconds` kwenye ripoti kama kasi ya prosesa waliyoibuni. Hiyo ni kasi ya laptopu yao.
- Maonyo yanayoanza na `warn:` ni ya kawaida. Yanayoanza na `fatal:` au `panic:` ndiyo ya kushughulikia.

## "Lakini si ningechukua iliyojengwa tayari?"

Unaweza, kwa masharti. Mwenzako mwenye Ubuntu ya toleo lile lile na X86 ile ile anaweza kukupa `gem5.opt` yake pamoja na folda nzima, na leseni ya BSD inaruhusu. Matoleo yakitofautiana itakataa, kwa sababu imefungamana na Python na maktaba za mfumo ilikojengwa. Pia kama kazi yako inakutaka ubadilishe msimbo wa ndani, lazima ujenge mwenyewe. Kontena zilizoandaliwa nazo zipo, ila kuzipakua kunameza bando zaidi ya msimbo wenyewe.

Ninachopendekeza kwa walio mtaa mmoja: mmoja apakue, wengine wapewe kwa flashi. Usiburute folda moja kwa moja, maana flashi nyingi zimeumbizwa FAT32 na ruhusa za mafaili zitapotea njiani. Funga kwanza:

```
cd ~
tar czf gem5.tar.gz gem5
```

FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo fanya hivi kabla ya kujenga, folda ikiwa bado nyepesi. Vifurushi vya `apt` navyo vinagawika: ukivisakinisha kwa `apt-get`, nakala hubaki `/var/cache/apt/archives`. Ukitumia `apt` tupu, Ubuntu huzifuta baada ya kusakinisha, ndiyo maana juu niliandika `apt-get`.

## Ukiomba msaada

"Imegoma" haitoshi kunifanya nikusaidie, wala mtu mwingine yeyote. Tuma hivi:

1. Majibu ya `free -h` na `lsb_release -a`.
2. Amri uliyoandika, kama ulivyoiandika.
3. Mistari ya hitilafu ya kwanza kutokea. Ya mwisho mara nyingi ni matokeo tu ya ile ya kwanza. Ujenzi wa `-j` kubwa huchanganya ujumbe, kwa hiyo rudia kwa `-j1` ili ya kwanza ionekane wazi.
4. Maandishi yaliyonakiliwa. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa upande, tena kwenye giza, haisomeki.

Taja pia kama uko kwenye WSL au Ubuntu kamili, maana nusu ya majibu yangu hubadilika kwa hilo moja.